Joho Kwenye Karai la Samaki

Juzi, nikisubiri kivuko cha kwenda Sengerema, nilimwona kijana aliyevaa joho la mahafali akikaanga sato. Wenzake wawili walikuwa wakimrekodi kwa simu. Wakaniambia wanatengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu maisha baada ya chuo, kwa nguvu zao wenyewe.

“Watu watacheka kuona msomi yuko kwenye karai,” alinieleza mwenye simu. Kweli, sisi abiria tulikuwa tumeshaanza kucheka.

Mama mmoja aliyeshuka kivukoni akaliona lile joho. Akatua ndoo, akapiga vigelegele, kisha akavua khanga mabegani na kuitandika mavumbini mbele ya kijana, kama tunavyowafanyia wahitimu wetu.

“Pita, baba. Hongera sana!”

“Shikamoo, mama. Hapa tunaigiza tu. Chuo nilimaliza mwaka juzi.”

“Marahaba. Na hao samaki, unaigiza pia?”

Kijana akalitazama karai. “Hapana, mama. Samaki nakaanga kweli. Hii ndiyo kazi yangu.”

“Basi pita.”

Akavua ndala, akaikanyaga khanga taratibu, macho chini. Mwenye simu alisahau kusema “kata”. Sato wakaungua, na hakuna abiria aliyewalalamikia.

Baadaye nikawasikia wakikubaliana kwamba sehemu ile wataiondoa, maana haichekeshi. Mimi ningelipa kiingilio kuiona hiyo tu.