Volti za Saa Moja Jioni

Shemeji yangu ana jina lake, lakini mtaa mzima unamwita Ampea, na hata mkewe, ambaye ni dada yangu, humwita hivyo akikasirika. Ni fundi umeme. Husuka upya mota zilizoungua na kutengeneza majiko ya koili katika kibanda kisichozidi upana wa kitanda, na kubembeleza mteja hajui. Ukimletea jiko analichomeka, anasoma volti, anasoma ampea, kisha anaanza kunung'unika hesabu. Volti gawanya kwa ampea, kapata ukinzani wa koili. Volti mara ampea, kapata wati. Jiko likitoa wati mia sita ilhali ubavuni limeandikwa elfu moja, mwenyewe ataambiwa hapohapo kwamba kauziwa takataka. Mdomo huo umemfukuzia wateja wengi, na mimi nimemcheka miaka yote.

Nilihamia kwao kumuuguza dada, mapafu yalipomwishia nguvu. Hospitali walimrudisha nyumbani na mashine ya kuazima inayochuja oksijeni kutoka kwenye hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye mrija hadi puani. Asubuhi ilifanya kazi vizuri. Jioni, vyumba vyote saba vya uani vikishawasha majiko, umeme ulishuka chini ya volti 200, mashine ikaanza kulia, na dada akakaa kitako kitandani midomo ikimgeuka rangi. Stabilaiza ya kusawazisha umeme aliyoileta Ampea nayo ilijizima, umeme ulikuwa mdogo mno hata kwake. Daktari alishatuambia bila kuzunguka kwamba oksijeni ikipungua hivi kila jioni, moyo hautahimili.

Ampea akaketi na hesabu zake. Mashine ni ya wati 460 kwa volti 230, kwa hiyo inataka ampea mbili tu. Asubuhi alikuwa amepima kwenye boksi la mita, mwanzo wa ua, akapata volti 228. Jioni alipima chumbani mwao, mwisho kabisa wa ua, akapata 170. Ua mzima ulikuwa unavuta ampea 20. Zimepotea volti 58. Gawanya kwa ishirini, ni karibu omu tatu za ukinzani. Akanionyesha waya mwembamba uliopita juu ya kamba za nguo, akaniambia adui yetu ndiye yule. Tangu siku ya harusi yake sikuwahi kumwona na furaha namna ile.

Alitoa mashine yake ya kusukia mota, akabadilishana na fundi mwenzake kwa waya mnene wa shaba. Nilimwambia mashine hiyo ndiyo inayotulisha sote, akanijibu niende nikapige umbea. Basi tukaushusha waya wa zamani, tukaukunja, akafunga mpya kutoka boksi la mita hadi mlangoni kwao. Dada aliegemea mito akitutazama, akaniuliza kama leo ataweza kulala chali. Nikamwambia atalala mpaka tumchoke kumwamsha.

Saa moja jioni mashine ya dada ikalia.

Ampea akapima chumbani, akapata 180. Akazunguka mlango kwa mlango, kwa unyenyekevu ambao sikujua anao, akiwaomba majirani wazime majiko na taa zote kwa muda kidogo. Walizima bila neno, hata yule mama wa chumba cha kwanza asiyemsalimia tangu jiko lake liitwe takataka. Watoto walisimama gizani na sahani mikononi. Uani ilibaki mashine ya dada peke yake, na ampea zake mbili. Alipima chumbani, 186. Nikammulikia tochi mpaka kwenye boksi la mita, akapima na huko, 186 vilevile.

Hata mimi niliyeacha shule mapema nilielewa. Hakuna kilichokuwa kinapotea uani. Umeme ulikuwa unafika kwetu umeshachoka, kutoka barabarani, ambako nyumba zote zinapika saa hiyo na mtaa umeomba transfoma nyingine tangu mtoto wa kwanza wa dada na Ampea akiwa anatambaa.

"Shemeji," Ampea akaniambia, sauti ikiwa chini, "mwanzo wa ua nilipima asubuhi, mwisho wa ua nikapima jioni. Mwanafunzi akinifanyia hivyo namfukuza."

Akaendelea kwamba volti 58 mara ampea 20 ni wati 1,160, na kama kweli zingepotea kwenye waya wa zamani, kwa moto huo ungeyeyuka ganda. Yeye aliushika jioni ileile aliyopima, ukiwa vuguvugu tu.

"Sasa mbona hukuona?"

"Kwa sababu waya ningeweza kuubadilisha," akasema. "Nguzo za barabarani siziwezi."

Nilimwonea uchungu hadi nikakosa utani wa kumtupia. Tulirudi chumbani. Dada alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, mabega yakipanda na kushuka, na mashine ikilia pembeni yake.

"Ngapi?" akauliza.

"Mia mbili ishirini," Ampea akasema. "Imepanda, mama. Itatulia sasa hivi."

Dada akamtazama kwa muda, mashine ikiendelea kulia kati yao. Alipopata pumzi ya kutosha kusema, alisema polepole.

"Basi waambie wawashe majiko. Watoto wana njaa."

Ampea akatoka, akaanza na chumba cha kwanza.