Dobi na Wageni wa Kamera

Dobi huyu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: neno "sina" lilikataa kumtoka mdomoni. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya kituo cha mabasi, na kila msafiri aliyekwama alielekezwa kwake, utadhani alikuwa ameajiriwa kwa kazi hiyo. Mkewe alisema mpaka akachoka. "Wewe mume wangu, ukiombwa shati utauliza kama wanataka na suruali yake."

Lakini alimpenda kwa hilo hilo, na dobi alijua.

Asubuhi moja walikuja wageni wawili, kijana na msichana, mabegi mgongoni, na mwenzao wa tatu aliyeshika kamera. Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza. "Baba, sisi hapana pesa. Hapana kula. Tafadhali." Msichana akaanza kulia. Dobi hakujiuliza watu wasio na nauli wamepata wapi kamera kubwa vile. Aliingia ndani, akachukua fedha waliyoiweka ya kumng'oa mkewe jino, akawapa. Kisha akaona mashati yao yalivyojikunja, akawaonea huruma zaidi, akapuliza makaa na kuwapigia pasi bure.

"Jino litangoja," mkewe alisema, mkono shavuni. "Hao nao ni watoto wa watu."

Jino halikungoja. Uso ulivimba, na siku walipopata fedha nyingine yaling'olewa mawili.

Miezi ikapita. Kinyozi wa kibanda cha jirani akaja na simu, kicheko kimembana, akamwonyesha video ya wale wageni. "Kaka, umekuwa nyota." Kumbe yale yalikuwa mashindano ya kuzunguka dunia bila senti mfukoni, na mshindi anaondoka na donge nono. Kinyozi, aliyeielewa lugha yao, akamtafsiria: msichana alikuwa akimwambia mwenzake kwamba machozi hayajawahi kumwangusha, na kwamba mzee wa pasi alikuwa rahisi kuliko wote. Wakacheka. Nyuma yao, kwenye picha, mke wa dobi alionekana mlangoni ameshika shavu. Hakuna aliyemtaja.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa mchezo," dobi alisema. Kinyozi akaacha kucheka.

Iliuma, tena iliuma vibaya. Fedha angeisamehe. Kilichomkaa rohoni ni lile shavu.

Wiki chache baadaye mwanamke mmoja alisimama mbele ya meza ya pasi, mtoto begani. Alikuwa ameibiwa mkoba kituoni, akaomba nauli ya kumfikisha kwao. Sauti ilimtetemeka. Dobi akachungulia nyuma yake, kulia, kushoto.

"Kamera mmeificha wapi?"

"Kamera gani, kaka?"

"Mimi sina," dobi akasema, akaendelea kunyoosha kola.

Mwanamke hakuomba mara ya pili. Alimweka mtoto vizuri begani, akaondoka.

Mkewe alitoka ndani akauliza nani alikuwa akiongea. Alipoambiwa, alivaa ndala akaenda kituoni mbio mbio. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, jasho lilikuwa likimtoka.

"Nimeuliza kila basi," alisema. "Sikumkuta."

Akaketi kwenye benchi, akaanza kukunja nguo za wateja. Dobi alingoja agombezwe, kama siku zote. Siku hiyo alitamani sana agombezwe. Mkewe alikunja nguo mpaka zikaisha, hakusema neno.