Nilivyoazimwa kwa Fisi

Wanaonikuta Habaswein asubuhi nikipokea maziwa ya ngamia, magari yakiningoja, hudhani nilizaliwa na mifugo mkononi. Juzi binti mmoja wa semina aliniambia, "Ayeeyo, bibi yetu, waeleze wasichana siri ya mafanikio yako." Nikamwambia siri sina, nina fisi. Akacheka akidhani ni methali. Si methali. Basi nimeandika, kwa mwandiko huu wa gumbaru, na atakayecheka acheke akishamaliza kusoma.

Nilizaliwa upande wa Eldas, na mama akafa siku hiyo hiyo. Mwaka huo mvua za Gu, zile za masika, zikakosa, ngamia dume wa baba akatumbukia kisimani, na baba mwenyewe akaenda na homa. Watu wakatafuta sababu, wakamwona mtoto wa kunyonya. Wakasema nina nuksi. Aliyenilea ni eddo, dada wa baba. Hakunipiga sana. Alinikataza tu kugusa chochote chenye uhai. Kukamua, hapana. Kubeba mwanambuzi, hapana. Kazi yangu ilikuwa kuni na maji, kwa kuwa kuni zimeshakufa na maji, alisema eddo, hayana roho.

Mwalimu wetu wa Kurani alikuja kumkanya. "Mama, dini haina mambo ya nuksi. Mtoto ni amana."

"Umesema kweli, maalim," eddo akajibu. "Basi mchukue akae kwako. Wewe mifugo unayo mingi."

Maalim akakumbuka ana safari.

Baadaye watu wakaona ni hasara kuiacha nuksi ikae bure. Kulikuwa na fisi jike aliyekuwa akitumalizia mbuzi. Wazee wakafanya kikao, wakatoka na shauri kwamba nipelekwe nikae mlangoni pa pango lake, nuksi imwingie. Mzee mmoja akamwambia eddo, "Tuazime huyo msichana wako." Eddo akauliza kama nitarudishwa mzima. Mzee akasema inshallah, na namna alivyoisema sikuipenda.

Nikapelekwa mchana, fisi akiwa amelala ndani. Nikakaa juu ya jiwe, mkono shavuni. Wanaume wakasimama mbali na mikuki yao, si kwa kumwogopa fisi, kwa kuniogopa mimi.

"Mfikirie vibaya," mmoja akanipazia sauti.

Nikamfikiria vibaya. Mawazo mabaya nilikuwa nayo mengi. Hutakuwa kitu, bora usingezaliwa, kila unachoshika kinakufa. Nilikuwa nimezoea kujilisha hayo mwenyewe. Siku hiyo nikampa fisi yote. Jua lilipoteremka wakanirudisha, wakanipa ubavu wa mbuzi, nikalala nikiona kwamba na mimi nina kazi duniani.

Mvua iliponyesha, fisi akatoka na watoto. Wanono. Yeye mwenyewe manyoya yanang'aa.

Wazee wakaja wamekasirika. "Hata nuksi yenyewe huiwezi?" Eddo akainamisha kichwa, kama mzazi ambaye mtoto wake amefeli mtihani.

Mimi nikaenda kukaa peke yangu na kuni zangu, nikafikiri. Mawazo yale yote yameingia pangoni, na aliyeyapokea amenenepa. Basi huenda ni maneno tu. Lakini kulijua jambo ni kitu kimoja na kunyoosha mkono ni kingine. Nikimkaribia mbuzi, vidole vilijikunja vyenyewe.

Halafu wanaume walipohama na ngamia, mbuzi wa eddo akashikwa na uchungu. Huyo ndiye tuliyemtegemea kwa maziwa. Akifa, tumebaki na kuni. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimechungulia, mguu umekunjwa ndani. Mikono ya eddo ilikuwa imevimba kwa baridi yabisi, haingeweza kuingia.

"Nenda nyuma ya kichuguu," akaniambia. "Nuksi isimfikie."

Nikaenda. Mbuzi akalia. Nikarudi.

"Eddo, anakufa."

"Kwa sababu umerudi."

Nikaenda tena. Safari hii mbuzi hakulia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikarudi nikapiga magoti. Eddo akanirushia shali yake. "Basi funga mkono, angalau usimguse wewe." Nikafunga. Shali ikateleza, haishiki kitu. Nikaitupa. Mkono mtupu ukaingia kwenye joto lile, nikautafuta mguu, nikaupata, nikaunyoosha taratibu. Kichwani sauti inasema utamuua, utamuua, na vidole vinaendelea na kazi yao. Mtoto akateleza nje, amelowa, akapiga chafya. Mama yake akageuka kumlamba.

Eddo akaokota shali, akaikung'uta vumbi. "Ni shali hii," akasema. "Ilikuwa ya mama yangu."

Sikubishana naye. Ila mwanambuzi alipopata nguvu, nilichukua chombo nikamkamua mama yake mimi mwenyewe, mbele ya eddo, na wa kwanza kunywa nikawa mimi. Eddo akanitazama kwa makini. Na mimi nikajitazama. Tukangoja. Hakikutokea kitu isipokuwa njaa ya kikombe cha pili.

Eddo akasukuma chake kwa mguu.

"Haya, nitilie na mimi," akasema. "Lakini kikombe usikiguse."

Nikammiminia kwa mbali, akanywa chote.