Ngazi za Haji Nayif

Wanaume zaidi ya ishirini waliingia sebuleni kwetu, wakaketi, wakamiminiwa kahawa, na hakuna hata mmoja aliyeinua kikombe.

Hawakuja kuniposa. Wangekuja kuniposa ningejua la kufanya, ningejifungia chumbani na kumwachia mama maneno yote.

Walikuja kuniomba ngazi.

Ngazi za mtu mwingine, tena za marumaru.

Najua haieleweki. Ngoja nirudi nyuma kidogo, halafu mkimaliza kusoma mnihukumu mnavyotaka.

Naitwa Maysun. Ni mtoto pekee, baba yangu alifariki, naishi na mama hapa Amman, kwenye mtaa ulio juu ya mgongo wa kilima. Mimi ni yule mtu anayekiomba radhi kiti akikigonga. Shuleni mwalimu aliwahi kuniandika kuwa sikuhudhuria darasa, na nilikuwa nimekaa mbele yake.

Sasa, mtaani kwetu kila mwenye nyumba hujitengenezea mwenyewe njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yake. Ndiyo desturi tuliyoikuta. Huyu anaweka vigae vyekundu. Jirani yake anainua zege mpaka magotini ili gari lake lipande vizuri. Wa tatu anapanda mzeituni katikati kabisa, halafu anajisifu kuwa anapenda mazingira.

Ukitoka msikitini kwenda kwa muoka mikate unapanda na kushuka kama mbuzi. Ukichoka, unashuka kwenye lami unatembea na magari.

Tulishazoea. Kila mtu huzoea mpaka siku aguswe wa kwake.

Haji Nayif anauza magari. Alipojenga jumba lake, ngazi zilitoka mlangoni, zikavuka njia yote ya miguu, zikaenda kuishia ukingoni mwa lami. Hukuwa na namna ya kupita pale ila kushuka barabarani, tena kwenye kona.

Mama alimwuliza kwa upole, "Haji, na sisi tutapita wapi?"

"Nunua gari, Mama Maysun," akamjibu. "Nitakupunguzia bei."

Watu waliokuwepo walicheka. Mama naye akacheka, kwa adabu tu.

Asubuhi moja ya majira ya baridi, mvua ikinyesha, mama alikuwa anarudi na mikate ameikumbatia ndani ya koti isilowe. Akafika kwenye ngazi. Akashuka kwenye lami.

Gari la kusambaza maji lilikuwa linakata kona.

Nyonga ilivunjika vibaya. Kijana aliyekuwa anaendesha alimbeba mwenyewe hadi hospitali, akakaa mlangoni analia kama mtoto. Nilipofika mama alikuwa ameshamsamehe, hata kabla daktari hajamwona. Aliniambia yule mtoto wa watu hakuwa na pa kukwepea, na yeye hakuwa na pa kupita.

Haji Nayif hakuja hospitali. Alichofanya ni kusema, mbele ya watu waliokuwa wanatoka kuswali, "Aligongwa na gari. Hakugongwa na ngazi zangu."

Sentensi hiyo nililetewa na wanawake watatu tofauti kabla jua halijazama. Niliimeza. Haikushuka.

Mama alitoka hospitali na fremu ya chuma ya kutembelea, ile yenye miguu minne. Fremu haipandi zege la magotini wala haizunguki mzeituni. Basi dunia yake ikawa kibaraza chetu cha juu. Alikuwa mtu wa kutembea yule, mtu wa kujua nani kajifungua na nani kapata posa. Sasa akawa anawapungia mkono wapita njia kama yuko kwenye meli inayoondoka.

Watu hudhani mpole hana hasira. Anayo. Haichemki tu, inakaa kama kaa la moto chini ya jivu, na inaweza kukaa miaka.

Nikasoma uhandisi wa barabara. Nilipohitimu nikapata kazi kwenye ofisi ya mipango, katika kikundi kilichopewa jukumu la kuandika upya viwango vya mitaa: njia ya miguu iwe na upana gani, baiskeli zipite wapi, magari yapunguzweje mwendo. Mkuu wetu alikuwa Injinia Rula, mama mmoja mkali anayevaa raba na suti.

Vikao vilikuwa na utani mwingi. Siku ya kujadili baiskeli, mwenzetu Anas alisema kwa vilima vya Amman mwendesha baiskeli atakufa kwa pumzi kabla gari halijamfikia. Injinia Rula akamwuliza mara ya mwisho yeye kupanda kilima kwa miguu ilikuwa lini. Anas akatazama tumbo lake.

Mimi sikuwa nasema kitu. Nilichora tu. Nilichora fremu ya mama, na mtu ubavuni mwake, na kigari cha mtoto kinachokuja mbele. Wote wapite bila kuombana radhi. Huo ndio upana niliotaka, na Injinia Rula akaukubali.

Tulipofika kwenye vizuizi vya watu binafsi, nikanyoosha mkono. Wote wakageuka, maana hawakuwahi kuuona ukinyooka.

Nikasema njia ya miguu isivukwe na kitu chochote cha mtu binafsi. Iwe mti, ukuta, au ngazi.

"Na vilivyokwisha jengwa?" akauliza Anas.

"Hivyo ndivyo hasa."

Akanitazama. "Maysun, kuna mtu unamlenga?"

"Hapana," nikasema, na uso wangu haukuhama hata kidogo. Nilijishangaa.

Ukatafutwa mtaa wa majaribio. Ulitakiwa uwe tambarare, una shule, una watu wengi wa miguu, na watu wameumia hapo. Wa kwetu ulitimiza yote. Sikughushi chochote, naapa. Nilisema ukweli kwa sauti ya juu kuliko kawaida yangu, basi.

Kulikuwa na jambo moja. Mzeituni uliokuwa umeziba njia mbele ya nyumba yetu aliupanda marehemu baba.

Nikaomba waanze na huo.

Nilisimama chini na wafanyakazi, mama akiwa juu kibarazani. Alikuwa akichuma zeituni zake kila mwaka, akizitia chumvi na ndimu kwenye mitungi. Msumeno ulipomaliza, mti ukalala taratibu, kama mtu aliyechoka.

Mama aliniambia kitu kimoja tu jioni ile. "Natumaini unajua unachokifanya."

Nikamwambia najua. Kisha nikaenda bafuni nikafungua maji ya bomba ili asinisikie.

Baada ya hapo nani angelalamika? Binti wa ofisini kakata mti wa baba yake. Majirani wakaanza kusawazisha, mmoja baada ya mwingine, wengine kwa kununa, wengine wakileta chai kwa mafundi. Njia ikanyooka kutoka msikitini hadi kwa muoka mikate.

Isipokuwa pale kwenye marumaru.

Haji Nayif alikata rufaa. Alidai mbele ya nyumba yake hapajawahi kuwa na njia ya miguu, kwamba amejenga kwenye ardhi yake, na kwamba ngazi zake hazijawahi kumdhuru mtu. Kisha, kwa kuwa haiamini karatasi, akafanya kile wanachofanya wakubwa wa kwetu wakibanwa. Akakusanya jaha.

Jaha ni ujumbe wa wazee wenye heshima zao. Wanakuja nyumbani kwako, unawamiminia kahawa chungu, na hawainywi mpaka useme: kunyweni, mmepata mliyoyajia. Ukiwaacha waondoke kahawa imepoa, aibu yako itawakuta wajukuu zako. Na ukishasema kunyweni, neno halirudi. Hata ofisini nisingeweza kulirudisha.

Ami Shahir, ndugu yake baba, ndiye aliyetakiwa kuwapokea kwa niaba ya nyumba yetu. Mchana ule alishabadilisha shati mara mbili kwa jasho.

"Maysun, mwanangu, anayekuja ni Sheikh Mithqal mwenyewe, jaji mstaafu. Nitamwambiaje hapana?"

"Usimwambie hapana, Ami."

"Basi nimwambie ndiyo?"

"Wala ndiyo. Nipe nafasi niulize swali moja."

Akanitazama kama vile paka ameomba kuendesha gari.

Wakaja baada ya alasiri, Haji Nayif akiwa miongoni mwao, majoho meusi, viatu vimejaa ukumbini. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango wa jikoni. Sheikh Mithqal alizungumza vizuri, kwa kweli. Akamwombea baba rehema. Akaisifu nyumba yetu. Kisha akasema wamekuja kwa ajili ya Haji Nayif, kwamba mbele ya nyumba yake paachwe palivyo, na kwamba jambo hili liko mikononi mwa binti wa nyumba hii, maana ndiye aliyeuchora mpango wa mtaa.

Kikombe chake kilikuwa mbele yake, kinafuka moshi.

Ami akafungua mdomo. Niliijua sura ile. Alikuwa anakwenda kusema kunyweni.

Nikatoka.

Sijawahi kusimama mbele ya wanaume wengi namna ile. 

"Sheikh, samahani. Naomba kuuliza jambo moja kabla Ami hajajibu."

Haji Nayif akaguna. "Siku hizi jaha inajibiwa na wasichana."

"Mwache," Sheikh akasema. "Uliza, binti yangu."

"Jaha huletwa na aliyekosa kwenda kwa aliyekosewa. Haji Nayif ametukosea nini?"

 Nilisikia birika likinung'unika jikoni.

Mnaona mtego ulipo? Akisema hajatukosea, basi amewavalisha wazee wa watu majoho na kuwaleta kwetu bure, amewadhalilisha. Akisema ametukosea, basi rufaa yake ni uongo. Haji alizoea kuitumia jaha kama spana, kila nati inafunguka, akasahau imetengenezewa nini.

Akaanza kuzungumzia ujirani mwema. Sheikh akamkata.

"Haji, umekosa au hukukosa?"

"Sheikh, mambo kama haya..."

"Tumekuja kwa ajili yako. Jibu."

Akajifuta shingo. "Nimekosa."

"Nini?" nikauliza. Sauti ilikuwa yangu, lakini sikuitambua.

Akatazama zulia. "Zile ngazi. Zilimfanya mama yako ashuke barabarani."

Miaka yote ile nilikuwa nangoja hiyo sentensi. Nilidhani ikifika nitalia. Sikulia. Nilitaka airudie.

Ndipo tukasikia fremu ikigonga sakafu. Mama alikuwa anakuja, amevaa gauni lake la darizi nyekundu ambalo hakulivaa tangu ajali. Wazee wote wakasimama.

"Nimemsamehe," akasema. "Nyonga ni yangu, na mimi nimesamehe. Kunyweni, kahawa inapoa."

Neno lilikuwa limeshatoka. Wakanywa, kila mmoja. Haji Nayif alikunywa haraka kuliko wote, akajifuta midomo, tabasamu likamrudia.

"Mungu awalipe kheri. Basi ngazi zitabaki."

Sheikh Mithqal akaweka kikombe chini, polepole sana.

"Zitabaki vipi? Umekiri mbele yetu kuwa zimemvunja mama wa watu. Tumekuombea msamaha, umepewa. Unataka tukuombee na ruhusa ya kumvunja mwingine?"



"Na ile rufaa yako inayosema hazikumdhuru mtu," Sheikh akaendelea, "kaiondoe mwenyewe Jumapili asubuhi, ofisi zikifunguliwa. Tukiitwa sisi kutoa ushahidi, tutasema tulichokisikia."

Mzee mmoja kule nyuma akapaliwa na kahawa. Mimi nikarudi jikoni, nikakaa sakafuni, nikacheka ndani ya kitambaa cha kufutia vyombo mpaka mbavu zikauma.

Jumapili akaiondoa.

Mashine ya kuvunja ilipokuja, mtaa mzima ulikuwa nje, pamoja na wanafunzi na muoka mikate mwenye unga mikononi. Marumaru ni jiwe lenye majivuno, lakini likivunjika linalia kama sahani tu.

Kisha fundi akazima mashine. Akaniita nikaangalie.

Chini ya ngazi kulikuwa na vigae. Vya manjano, vya zamani, vimepangwa sambamba kutoka mwanzo wa nyumba yake hadi mwisho, havina hata ufa. Haji hakujenga mahali pasipokuwa na njia. Alimwaga zege juu ya njia nzuri kuliko zote za mtaa ule, kisha akaapa kwa maandishi kwamba haijawahi kuwepo.

 Watu walitazama vigae, kisha wakatazama dirisha la juu, ambako pazia lilikuwa likitikisika. Kinyozi mzee, Shukri, alivua kofia na kusema yeye alipita pale utotoni akienda shule, na kwa miaka yote hii alidhani aliota.

Mama sasa anakwenda mwenyewe kwa muoka mikate. Kando ya njia yake kuna mstari wa baiskeli, na wasichana wa shule wanapita wakipiga kengele kumsalimia. Kila akipita pale kwa Haji anapunguza mwendo. Anasema ni nyonga. Mimi nadhani anafurahia.

Juzi aliniuliza kama nimeridhika, kama lile kaa limezimika sasa, ili niolewe na nipumzike.

Ndugu msomaji, nilichojifunza ni hiki: hasira usimrushie mtu, atakwepa. Itie kwenye kanuni, uipe upana na vipimo, na uhakikishe inaanza na mti wa baba yako. Hapo hata wenye jaha watashindwa kuipinda.

Ama jibu nililompa mama, nilimwonyesha ramani ya mji. Tangu habari ile isambae watu wananipigia simu kutoka vilima vyote, kila mmoja ana Haji Nayif wake, mwingine ana ukuta, mwingine gereji, mwingine bustani.

Nikamwambia bado, mama. Ninayo hasira ya kutosha mji mzima.