Nilimpisha Baba Yangu Barabarani

Admin, nifichie jina, na rangi ya gari usitaje, maana wenzangu wa kazi wanasoma hii page. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, Mwislamu, mzaliwa wa Isiolo, nina mke na watoto watatu. Naendesha trela ya kampuni kutoka Mombasa hadi Moyale. Naandika nikiwa na uchungu, kwa hivyo mnivumilie, na msinitusi hapo chini.

Gari lenyewe siwezi kulisema vibaya. Ni jipya, breki zinashika, kitanda kipo. Mshahara unaingia mwisho wa mwezi bila kubembeleza mtu. Shida ni nyumbani. Barabara ya Moyale inapita katikati ya Isiolo, lakini Isiolo si mahali pa kusimama. Ofisi ndiyo inapanga: unalala Timau, unapumzika Marsabit. Ukisimama kwingine wanakuona kwa mitambo yao na simu inalia. Ukifungua mlango ni makosa mengine, likizo yako inakatwa. Nilikuwa napita mjini kwetu nikiangalia tu kwa kioo.

Baba yangu alitafuta dawa ya hiyo shida. Nikimpigia simu kwamba nakuja, anatembea mpaka duka moja lililo kando ya lami, anakaa kwenye kiti chake cha plastiki ambacho mwenye duka hukitoa nje kila asubuhi. Nikifika pale napiga honi ndefu, yeye anainua bakora. Basi, tumeonana. Akirudi nyumbani anamwambia mama, "Nimemwona, amenenepa." Jamani, unene ataona wapi na mimi niko juu kule? Lakini mzee wangu alikuwa hivyo, na mimi nilikuwa napenda.

Siku hiyo nilipiga simu nikiwa Timau. Mke wangu akashika. Nikamuuliza mzee yuko wapi, akasema, "Amelala." Sauti yake ilikuwa nzito, nikadhani ni homa. Nikateremka Isiolo.

Kuingia mjini nikakuta jeneza linavuka barabara, wanaume wengi wameliinua mabegani, wanatembea haraka vile sisi Waislamu huzika haraka. Nikasimama kuwapisha. Kwetu ukikutana na jeneza unashuka, unaweka bega hata hatua chache tu, hata kama marehemu humjui. Ni thawabu. Nilishika mlango, wallahi nilishika. Simu ikalia, ofisi.

"Mbona umesimama hapo?"

"Kuna mazishi yanapita."

"Ni ya kwenu?"

"Hapana," nikasema. "Si ya kwetu."

Nikaachilia mlango. Mtu mmoja aliyekuwa mbele ya jeneza alijifunika uso na shali, nikadhani anajikinga vumbi. Nikamwombea marehemu dua fupi, njia ikafunguka, nikaenda. Pale dukani kiti hakikuwa na mtu. Nikapiga honi hivyo hivyo, nikisema labda ataisikia kitandani.

Nilipofika Moyale na kukabidhi mzigo, baba mdogo akapiga simu. Hakunisalimia. Aliniuliza, "Umezima gari?" Nikasema nimezima. "Ufunguo umetoa?" Hapo nikajua ni mzee. Kwetu dereva haambiwi msiba akiwa kwa usukani. Mimi mwenyewe nimewahi kumficha dereva mwenzangu hivyo, nikajiona nimefanya wema.

Mwenye shali alikuwa huyo baba mdogo. Aliniambia, "Nilikuona. Ningekuita, halafu uendeshe hicho chuma mpaka Moyale na machozi?" Nilimtukana baba yangu mdogo, Mungu anisamehe. Mke wangu naye sikuongea naye mpaka alipoanza kulia. Nilifika nyumbani na basi, nikakuta udongo wa kaburi umeshakauka. Baba yangu alipita mbele ya gari langu, karibu kabisa, na mimi nikasema si wa kwetu.

Sasa mama yuko eda, hatoki nje. Ananiambia, "Acha hiyo kazi. Siku yangu ikifika nataka wewe ndiye uniingize kaburini." Kuna Haji mmoja hapa mtaani ana lori la kwenda Merti, linapeleka unga na sukari, linarudi na mbuzi. Ananitaka niliendeshe. Karibu kila Ijumaa nitakuwa nyumbani. Malipo yake ni ya kusukumana, leo kidogo, kesho "ngoja mbuzi wauzwe". Hilo naweza kuvumilia. Lakini lori hilo breki unakanyaga, unakanyaga tena, ndio lifikirie kusimama. Dereva wa mwisho lilimgomea akiteremka kwenye laga, bonde la mto mkavu, upande wa Gotu, mpaka leo anatembea na magongo. Nilimwomba Haji alitengeneze kwanza. Akacheka, akasema, "Kijana, hilo lori limekula chumvi kukushinda. Endesha pole pole."

Mke wangu akisikia habari ya Haji anawaka. "Dawa za sukari za mama zinanunuliwa na mshahara wa trela," ananiambia. "Na ukienda na hilo lori, ni nani atazika nani? Unataka mama yako ndiye akuzike?" Mama naye kila nikikaa ananishika mkono. Nyumba ni moja, na mimi nimekuwa wa kutoka nje kupunga hewa kila saa.

Haji anataka jibu baada ya swala ya Ijumaa. Kampuni nayo imeshaniita nirudi Mombasa kupakia. Ndugu zangu, hasa nyinyi madereva na wake za madereva, nisaidieni mawazo. Nibaki na gari zuri linalonipitisha kwetu bila kusimama, ama nirudi kwa mama na breki za kubahatisha? Na kitu kingine, msinicheke. Mwenye duka bado anatoa kile kiti nje kila asubuhi, anasema mkono wake umezoea. Safari hii nikifika pale, nipige honi ama nipite kimya?