Kibovu Kilichobaki Humohumo

Mume wangu ni fundi magari, na mtaa mzima, mpaka mama yangu mzazi, unamwita Spana. Hajawahi kumrudishia mteja gari bila kumkabidhi kile kifaa kibovu alichokitoa, kimefungwa kwenye kitambaa. "Shika mwenyewe, usije ukasema nimekupiga changa la macho." Wateja wanaomchefua ni wale wanaosikia mlio kwenye gari halafu wanaongeza sauti ya redio.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe ugonjwa ambao hakitolewi kitu!

Maumivu yalimwanzia kitovuni, yakahamia chini kulia. Akasema ni gesi. Nilipomwona anatembea kajikunja kama aliyeficha kuku ndani ya shati, nikamburuta hospitali. Wakampima damu, wakampiga picha ya tumbo, kisha daktari, dada mmoja mpole, akatueleza kuwa kidole tumbo kimevimba ila hakijapasuka. Wangeweza kumpasua wakitoe, au wampe dawa za kuua bakteria, kwanza kwa dripu halafu vidonge. Wengi hupona kwa dawa. Wengine ugonjwa huwarudia, wakapasuliwa baadaye. Kwa hali yake yote mawili yalifaa. Tuchague.

"Tuchague?" Spana alishangaa. "Daktari, mkitia dawa mtatoa nini?"

"Hatutoi kitu, baba."

"Na kile kibovu?"

"Kinabaki humohumo."

Akanigeukia. "Mama watoto, sema wewe."

Nami, kwa kuogopa kisu, nikasema dawa. Jambo likiharibika, basi nimeliharibu mimi.

Maumivu yaliisha akiwa bado kwenye dripu. Tukarudi nyumbani na vidonge, na hapo ndipo akili zilipotuvurugika. Anasimama mbele ya kioo, shati juu, anajipapasa. "Sina hata mshono. Nimepona au nimetulizwa?" Namjibu amepona, kwa sauti ya mtu anayejua, na moyoni sijui lolote. Akikohoa nashtuka. Akinyamaza nashtuka zaidi. Vidonge alivimaliza vyote, hilo nililisimamia kwa macho yangu.

Aliporudi gereji akajifanyia kile anachoyafanyia magari. Gari likishatengenezwa, yeye hulipeleka kwenye barabara mbovu kuliko zote, asikilize kama mlio utarudi. Basi bwana mkubwa akainua giaboksi peke yake!

Jioni nikamkuta sebuleni, redio inapiga kelele mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Nikaenda nikaizima.

"Unaumwa."

"Sijui."

"Hujui vipi, na tumbo ni lako?"

"Kuna kitu kinavuta huku kulia. Sijui ni giaboksi, sijui ni kidole."

"Na ukakaa kimya? Si tuliambiwa kikiuma turudi palepale?"

Akainamisha kichwa. "Nikisema, utajilaumu ulichagua vibaya."

Nilikasirika mpaka nikalia. Nilimwita majina ambayo hata gereji hawayatumii, huku namvalisha viatu.

Daktari alikuwa yuleyule. Akambonyeza, akarudia damu na picha, kisha akasema ni misuli tu, na akamgombeza kwa lile giaboksi.

"Kwa hiyo nimepona?" Spana akauliza.

"Kwa leo, ndiyo."

"Na kesho?"

"Kesho ukiumwa, njoo."

Akanitazama mimi, mimi nikamtazama daktari.

Tulipofika nyumbani Spana hakukaa. Alichomoa redio ukutani, akaifunga kwenye kitambaa chake cha gereji, mafundo mawili, akaniletea jikoni.

"Shika mwenyewe," akasema. "Hiki ndicho kibovu nilichokitoa."

Mpaka leo ipo juu ya kabati. Kila asubuhi namuuliza tumbo linasemaje, naye ananijibu.