Besi ya Mukula na Besi ya Mfukoni

Jumamosi iliyopita kwaya ya parokia yetu hapa Kolwezi ilikuwa inachagua gitaa la besi lenye nyuzi sita. Moja lilitoka Ulaya, la mti wa huko, likiwa ndani ya mfuko wake wa zipu. Jingine alilichonga seremala wetu kwa mukula, mti wetu mwekundu. Ilikuwa besi yake ya kwanza, naye aliomba jambo moja tu: sote tugeukie ukuta, yeye apige, tuhukumu kwa masikio.

Tuligeuka. Tulisikia zipu ya mfuko, kisha besi ikanguruma.

“Hii njo ya Ulaya,” akasema mama mwenyekiti wa kwaya, macho amefumba. “Musikie, iko propre, safi kabisa!”

Zipu tena, kisha besi.

“Na hii ni mukula,” nikasema mimi, niliyewahi kulala siku tatu Brussels na tangu hapo ni mtaalamu wa kila kitu. “Inanukia makala, yale makaa ya kupikia ya kule Mutshatsha.”

Watu walicheka. Seremala hakucheka.

“Batata na bamama, mugeuke. Mara zote mbili nimepiga yangu. Ile ya Ulaya haiyatoka mu mufuko.”

Nilitazama viatu vyangu. Mama mwenyekiti alikohoa, akaupapasa ule mfuko kwa heshima.

“Basi tukamate hii. Kama inalia muzuri vile mu mufuko, ikitoka itakuwa namna gani?”

Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono: nani anataka ile ya mfukoni? Seremala alituhesabu akiwa amekumbatia mukula wake, akaanza na mimi, kwa sababu mkono wangu ndio uliotangulia kupanda.